Vijana wanaoosha rimu njia ya Mikindani, Mtwara: hawa ndo wa kuwapelekea gari

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asimalize bando bure: kama upo Mtwara mjini, au unapita ukitokea Lindi, Masasi ama Newala, na gari yako ina rimu za sport unazozipenda, wapelekee hawa vijana wa kuosha magari walioko njia ya kwenda Mikindani. Nyota nne na nusu kati ya tano, ile nusu iliyobaki ntaeleza mbele imeenda wapi. Hawana bango la maana, ni banda la mabati, tanki jeusi la maji limepandishwa juu, mashine ya presha na mwembe mmoja, ila kazi ya rimu na tairi wanayoifanya pale sijaikuta sehemu nyingine huku kusini, na mi nimeoshesha gari sehemu nyingi maana kazi yangu ni kuzunguka maghala ya korosho, leo Nanyamba kesho Tandahimba keshokutwa Masasi, gari haikai safi siku mbili.

Nasema rimu na tairi makusudi, kwasababu bodi kila mtu anaosha, povu, dodoki, maji, kitambaa, imeisha. Rimu ndo zinapoharibiwa. Watu wengi wanaona rimu ni sehemu chafu ya gari kwahiyo inastahili kusuguliwa kwa nguvu kama sufuria lililoungua, wakati ukweli ni kwamba rimu nyingi za alumini zimepakwa rangi halafu juu yake kuna klia, lile tabaka angavu la kukinga rangi, kitu kilekile kilichopakwa kwenye boneti. Huwezi kuchukua stili waya ukasugua boneti ya mtu akakuacha mzima, ila kwenye rimu wanasugua kila siku na mwenye gari amekaa pembeni anakunywa chai.

Na mazingira yetu huku yanazitesa rimu kweli kweli. Kuna hewa ya bahari, ukikaa Shangani, mtaa wa ufukweni hapa mjini, asubuhi unapangusa kioo unaonja chumvi. Kuna wanaokwenda ufukwe wa Msimbati wikiendi wakaingiza gari mpaka mchangani, raha tupu, alafu wanarudi mjini na chumvi imejaa nyuma ya rimu na hawaigusi mpaka wiki ijayo. Chumvi ikipata sehemu klia imechanwa hata na kijiwe tu, inaingia chini yake inaanza kuila alumini, utaona vimistari vyeupe vimejikunjakunja chini ya klia vinazidi kuenda, na hapo hata usugue mpaka kesho haitoki, maana ugonjwa uko ndani sio juu. Kuna vumbi la saruji, tunaopishana na malori ya Dangote tunalijua, likiwa kavu halina neno sana ila likilowa linakuwa na nguvu ya chokaa, linaunguza alumini na likikauka tena limeganda. Kuna malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kuja bandarini, vumbi lake jeusi. Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho gari ya kazi inarudi ya njano. Na ile barabara ya Mnivata kwenda Newala mpaka Masasi, kilomita 160 zinazojengwa lami, ukipita sehemu iliyomwagwa karibuni unarudi na vitone vya lami vimejibandika kwenye rimu na ubavuni, na sehemu ya vumbi jekundu unalijua mwenyewe.

Lakini adui mkubwa wa rimu sio hayo yote, ni vumbi la breki, na hili wengi hawalijui. Ukikanyaga breki pedi inasaga diski, diski ni chuma, na pedi nyingi nazo zina chuma ndani. Zile chembe zinatoka za moto, zinaruka zinatua kwenye rimu, zinajichimbia kwenye klia. Zikipata unyevu zinashika kutu zikiwa palepale. Ndo maana unakuta rimu za mbele ni chafu kuliko za nyuma, breki za mbele ndo zinafanya kazi kubwa, na ndo maana ukiosha kwa sabuni ya kawaida unabaki na vidoa vya kahawia ukipitisha kidole vinakwaruza. Sasa muoshaji asiyejua akiona vile vidoa havitoki kwa povu anaenda kutafuta silaha.

Mi silaha niliyokutana nayo ni dawa ya choo. Siitaji sehemu wala mji, sio ya hawa ninaowasifia na haitanisaidia kuitaja. Niliacha gari ya kuoshwa kawaida tu, Toyota Harrier, ile wanayoiita tako la nyani, rimu zake za kiwandani zimetulia, nikaenda kwenye kikao. Narudi nakuta rimu mbili za mbele nyeupe nyeupe zimefifia, zina michirizi kutoka juu kwenda chini kama machozi yamekaukia. Kijana kaniambia kwa furaha kabisa bosi nimeutoa ule uchafu sugu. Alimwaga dawa ya choo rimu zikiwa bado za moto, akaiacha. Dawa nyingi za choo zina asidi ya haidrokloriki, ile inayokula mawe ya kwenye sinki, sasa fikiria juu ya klia na alumini. Ilikauka palepale kwenye joto ikaacha alama. Sikumgombeza sana maana yule mtoto hakufundishwa na mtu, aliyemweka pale ndo mwenye lawama, ila iliniuma na mpaka leo inaniuma nikiziangalia.

Ndo nikaanza kuulizia nani Mtwara anajua rimu. Dereva mmoja wa Crown akanielekeza huku.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba nilifika hawakuigusa. Nimetoka Nanyamba moja kwa moja, yule mkubwa wao, kijana mtaratibu tu, akaja akapitisha mgongo wa mkono karibu na rimu bila kuigusa akasema, "Kaka, hizi zinachemka, kaa kwanza kivulini tuanze na ndani." Wakafuta dashibodi na kutoa mazulia wakati rimu zinapoa. Rimu ikiwa ya moto dawa yoyote inakauka kabla haijafanya kazi na inaacha alama, na ukimwagia maji ya baridi diski iliyochemka unaweza kuipinda, alafu ukifunga breki usukani unatetemeka unaanza kumlaumu fundi wa balansi. Kwahiyo ukiona mtu anakimbilia na mpira wa maji kwenye tairi ya gari iliyotoka safari saa hiyohiyo, mzuie.

Cha pili, akauliza. "Hizi rangi ya kiwandani au zimepigwa upya?" Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Akanieleza kwamba hawawezi kutumia njia moja kwa rimu zote. Za kiwandani zenye klia zinavumilia kidogo. Zile zilizopulizwa rangi ya kopo mtaani, nyeusi za vijana, hazina klia ya maana, wanatumia sabuni ya gari na maji tu. Kuna zile uso wake umekatwa kwa mashine unang'aa mistari midogo, zile klia yake ni nyembamba na ikichanika tu chumvi inaingia fasta. Kuna kromu. Na kuna za alumini tupu iliyong'arishwa bila kupakwa kitu, hizi ndo za hatari zaidi ukimwaga dawa ovyo maana alumini haipatani na asidi na haipatani na kostiki soda pia, zote mbili zinaila. Siku hiyo kulikuwa na Land Cruiser ya zamani ina rimu hawaelewi ni za aina gani, nikaona anachukua kitambaa cheupe, anatia king'arishio kidogo sana, anasugua sehemu ya nyuma isiyoonekana, kitambaa kikatoka cheusi tii. Akamwambia mwenyewe hizi hazina klia mzee, ule weusi ni alumini yenyewe inatoka, kama ingekuwa na klia kitambaa kingebaki cheupe au kichafu cha kawaida. Nilipenda sana, mtu anapima kabla ya kutibu.

Kazi yenyewe sasa. Wanaanza na rimu kabla ya bodi, ili matope na dawa zisije kurukia bodi iliyokwisha kuoshwa. Wanafanya tairi moja mpaka iishe ndo wanahamia nyingine, hakuna kupulizia zote nne kwa mpigo alafu ya mwisho inakauka na jua letu hili. Wanasuuza kwanza kwa maji mengi, ule mchanga uondoke wenyewe, maana mchanga ukiusugua hata kwa sponji laini ni msasa. Presha wanaishika mbali, haikaribii tairi chini ya sentimita 30 hivi, na ile nozeli inayotoa maji ya uzi mmoja hawaitumii kabisa kwenye tairi, presha ya karibu inaweza kuchana ubavu wa tairi kwa namna ambayo huioni leo.

Ndoo ya rimu ni ya rimu tu, nyekundu, ina wavu chini ili mchanga uzame usirudi kwenye brashi. Sponji ya bodi haiingii humo na vitambaa vyake viko kwenye mfuko wake. Halafu brashi. Hapa niwasifie kwa dhati. Kuna brashi ngumu ya tairi, kuna moja ndefu laini ya manyoya inaingia mpaka nyuma ya rimu kwenye lile pipa la ndani ambako hakuna anayefikaga, na kuna brashi ya kupakia rangi ya ukutani, ndogo, ya kuzungukia nati na nembo ya katikati. Ile brashi ya rangi ina bati linaloshikilia nyuzi, mnajua, na lile bati ndo linakwaruza rimu ukiingiza kwenye kona. Wao wamelizungushia tepu ya umeme nyeusi yote, mizunguko kadhaa, hadi limekuwa nene. Nikamuuliza kijana anayeishika, akasema "bati likigusa rimu nakatwa hela yangu mwenyewe." Hapo nikajua hii sehemu ina utaratibu.

Dawa wanayotumia kwenye vumbi la breki ni ya kupulizia isiyo na asidi, chupa niliyoiona ni Sonax ya Ujerumani, ila zipo za kampuni nyingine zinazofanya kazi hivyohivyo. Inatoka na rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, baada ya dakika moja mbili inaanza kugeuka nyekundu kwenda zambarau. Nilichuchumaa nikaangalia. Inaanzia kwenye vile vidoa, kila kidoa kinatoa mchirizi wake mwembamba wa zambarau, alafu michirizi inaungana, inashuka kwenye spoku, inadondoka chini, na pale kwenye mizizi ya spoku na kuzunguka nati ndo panatoka nyingi mpaka unaona aibu umekuwa unatembea na nini. Kuna jamaa pembeni alishtuka akidhani rangi ya rimu inayeyuka. Hapana. Ndani yake kuna kemikali inayoitwa thayoglikoleti, inakamata chuma, na ile rangi ndo alama kwamba imekamata. Sehemu isiyo na chuma haigeuki. Kwenye diski nayo inageuka maana diski ni chuma chenyewe, kwahiyo hawaiachi, wanasuuza. Harufu yake ni mbaya, inanuka yai bovu, hilo lijue mapema usikae upande upepo unakoelekea, na wao wanavaa glavu, vizuri sana, ila macho hawayakingi na nimewaambia wanunue miwani.

Wanaiacha dakika tatu mpaka tano hivi, kivulini chini ya mwembe, haikauki, brashi laini inapita taratibu, maji mengi. Vile vidoa vyangu vya kahawia vilitoka bila mtu kukaza mkono. Vitone vya lami wakavishughulikia baadaye peke yake, kitambaa kina dawa ya kulainisha lami, kinawekwa juu ya kitone kinatulia kidogo, kinafutwa. Hawakwangui kwa kisu wala ncha ya bisibisi. Wengine hutumia mafuta ya taa kwa kazi hiyo na kweli lami inalainika, ila mafuta ya taa yakimwagikia tairi ni sumu kwa mpira na ukiyaacha kwenye rimu bila kuosha na sabuni nayo sio mazuri, bora dawa yake au kama huna basi kitambaa kidogo sana na uoshe saa hiyohiyo.

Kitu ambacho wengi wanaruka ni kukausha. Maji ya visima ya sehemu nyingi huku yana chumvichumvi na chokaa, yakikaukia kwenye rimu yanaacha madoa meupe ya duara na jua likiyapiga kila siku yanakuwa sugu. Hawa wanafuta kwa kitambaa laini mpaka ndani ya mashimo ya nati. Wananiambia nati ndo huwa zinasahaulika, maji yanabaki mle yanaleta kutu inayochuruzika kwenye rimu. Kweli nimeiona kwenye gari za wengi.

Tairi nazo. Zangu zilikuwa kahawia, nikadhani ni vumbi la Newala. Kumbe sio vumbi peke yake. Viwanda vinaweka ndani ya mpira dawa ya kuukinga na hewa ya ozoni usipasuke pasuke, ile dawa inatoka pole pole kuja juu kadri tairi inavyotembea, ikikutana na hewa inakuwa kahawia. Kwahiyo tairi kuwa kahawia ni tairi inayofanya kazi yake, sio mbovu. Wanapuliza sabuni ya tairi, wanasugua na ile brashi ngumu, povu linatoka kahawia kabisa, wanasuuza, wanarudia, mpaka povu litoke jeupe. Povu likiwa bado kahawia hawapaki kitu juu. Faida nyingine, ubavu ukishakuwa safi zile tarakimu nne za tarehe ya tairi zinasomeka, mbili za kwanza wiki na mbili za mwisho mwaka, 2321 ni wiki ya 23 mwaka 2021, na kuna mteja siku ile aligundua tairi aliyouziwa kama mpya ina miaka yake mingi tu.

Alafu king'arisha tairi. Hapa ndo sehemu nyingi wananiudhi, wanapaka dizeli au oili chafu, tairi inang'aa siku hiyo balaa, ukifika nyumbani imeshika vumbi lote la mtaa na ubavuni mwa gari umerushiwa vitone vyeusi. Mafuta ya petroli na jamii yake yote yanaingia kwenye mpira yanauvimbisha na kuulegeza, mpira sio ngozi ya kiatu. Hawa wanatumia ile nyeupe kama maziwa, ya maji, wanapaka kwa sponji ubavuni tu, wanaacha inywe, wanafuta iliyozidi. Inatoka nyeusi iliyotulia, haing'ai sana. Mwenye kutaka mng'ao wa harusi wanazo za silikoni pia, ila wanakuambia ukweli kwamba ikizidi inaruka kwenye bodi. Na hawapaki sehemu inayokanyaga lami, kamwe. Kwenye pikipiki ndo kabisa, wanakataa kupaka tairi za bodaboda kitu chochote cha kung'arisha, hata abembeleze vipi, maana pikipiki ikilala kwenye kona inakanyagia ukingo wa tairi na ukingo ukiwa na utelezi mtu anakwenda chini na abiria wake. Nilimsikia kijana mmoja akimkatalia bodaboda pesa yake, "braza nitakuoshea safi ila hiyo sikupaki, una watu nyuma." Kwa hilo peke yake ningewapa nyota.

Rimu zangu zilizopigwa dawa ya choo walizikagua. Yule mkubwa akazigusa na ukucha, akaziangalia ubavu dhidi ya mwanga, akaniambia wazi kwamba ile michirizi imeshaingia kwenye klia, hakuna dawa ya kuosha itakayoitoa, wanaweza kuipolishi ipungue kidogo kuonekana, ila tiba yake ni kuitoa klia yote, kupiga rangi na klia upya kwa fundi rangi. Hakunitoza kujaribu. Kuna watu wangechukua elfu 30 yangu wakanisuguasugua nikaondoka na matumaini. Za nyuma zilizopona zimerudi kama zilivyotoka Japani, sio maneno ya kunogesha, jua likizipiga unaona zile chembe ndogo za fedha kwenye rangi ambazo nilikuwa nimeshasahau kama zipo.

Sasa ile nusu nyota. Foleni. Jumamosi na Jumapili usiende kama una haraka, kila gari ya rimu peke yake inachukua karibu saa nzima na hawakubali kukimbizwa, ambayo ni sifa, ila wangeweka hata mtindo wa kuandikisha kwa simu mtu aje muda wake. Pa kukaa ni benchi moja na kivuli cha mwembe wamekipa magari, nawaelewa, dawa haitakiwi ipigwe jua, ila mama mwenye mtoto anakaa wapi? Na maji machafu yanatiririka tu kuelekea mfereji wa barabarani, zile dawa na mafuta yote yanaishia kulekule tunakovua samaki, mji wetu wote unateremkia bahari. Wachimbe shimo la kuchuja, hata la mchanga na kokoto kwa kuanzia. Nimewaambia na wamesema wanalifikiria, nitarudi kuangalia.

Bei ni elfu 12 rimu nne na tairi zake kwa gari ndogo, Land Cruiser na zile zenye tairi kubwa elfu 16, kuosha gari zima unaongeza elfu 8. Mwanzo niliona ghali maana sehemu zingine elfu 5 unaoshewa gari nzima na rimu humohumo, ila piga hesabu ya kupaka rangi upya rimu moja ndo uniambie. Sio lazima kila wiki, mi sasahivi naenda baada ya ziara ndefu, katikati nasuuza mwenyewe nyumbani kwa maji na shampuu ya gari na kitambaa chake cha peke yake. Sabuni ya unga ya kufulia siitumii tena kwenye rimu, wao ndo waliniambia ni kali inafifisha klia pole pole. Ukitoka Msimbati hata kama umechoka pitisha maji ya bomba nyuma ya rimu usiku huohuo, hii haihitaji dawa wala hela.

Na ukiondoka pale usiogope ukisikia breki zinakwaruza mita chache za kwanza au ukaona diski imekuwa ya rangi ya chungwa, ni kutu nyepesi ya maji kwenye chuma kitupu, kanyaga breki taratibu mara kadhaa kabla hujaingia barabara kubwa, inafutika yenyewe. Wanafungua saa moja asubuhi, siku za kazi kabla ya saa nne hakuna foleni kabisa. Malipo kwa simu au taslimu. Ukifika waambie rimu zako zina rangi gani na kama zimewahi kupigwa upya, usipowaambia watakuuliza tu.